Kaseti ya Severine Peke Yake

Jumatatu, 13 Julai 1987

Leo nimejitoa kwenye bendi. Nimemwambia Hermani mbele ya mafundi wote wa karakana, nikiwa na grisi hadi viwikoni, kwamba Ngano Jazi imenibana vya kutosha. Natoa albamu yangu mwenyewe. Peke yangu! Hermani ni kiongozi wa bendi na mpiga rizimu, tena ni mtu wa wivu. Aliniuliza tu kama kesho nitakuja mazoezini. Hapo ndipo akili yake inapoishia.

Haraka yangu ina sababu. Jumamosi shamba letu la ngano linafungua mavuno, na kati ya wageni yumo bwana mmoja wa redio kutoka Dar es Salaam, anatafuta vipaji vya mikoani. Kaseti yangu lazima iwe mkononi mwake kabla hajapanda Landrova. Nafasi kama hii haiji Basotu mara mbili.

Vifaa ninavyo. Mkanada aliyekuwa mtaalamu wetu wa kombaini, mashine za kuvunia, aliniachia gitaa la umeme, spika, rekoda, kaseti moja tupu na moja ya muziki wa roki. Hiyo ya roki nimeisikiliza miaka mitatu. Kutoka kwetu Dongobesh hadi hapa, mpiga roki ni mimi tu. Jalada nimeshachora kwa wino mwekundu: SEVERINE SULLE PEKE YAKE. Fabiola, mke wangu, akauliza nani atapiga ngoma. Nikamwambia asome jalada.

Jumanne, 14 Julai

Kwenye kaseti ya Mkanada kuna wanawake wanaoitikia nyuma ya gitaa. Bila hao roki inakuwa kavu. Nilikuwa nimelala chini ya kombaini namba nne jibu likanijia: wakamwana wa Mzee Gidahosh! Boma lake liko ng'ambo ya mtaro wa shamba. Wale kina mama sita, wake za wanawe, wakiimba kisimani, karakana nzima huweka spana chini.

Mwitikiaji hahesabiki. Albamu bado ni yangu peke yangu.

Saa kumi nilikwenda bomani. Shikamoo ya adabu, kofia mkononi. Mzee Gidahosh ni mrefu, mgumu wa maneno, na shamba letu limekaa juu ya malisho aliyochungia baba yake, jambo analomkumbusha kila mwenye ovaroli. Lakini nilijua pa kumshika. Nikamwambia wimbo mkuu wa albamu utaitwa kwa jina lake na utawasifu ng'ombe wake. Akauliza kama ng'ombe watatajwa kwa rangi zao. Nikasema wote, Mzee, hata ndama. Akakubali wakamwana waje ghalani kuniimbia, mradi wawahi kukamua. Sikumwambia kwamba jina lake wataliitikia wao, mara nne kila kiitikio. Nilitaka ashtuke kwa furaha siku ya Jumamosi.

Nimerudi napiga mluzi. Njiani nimempita Hermani akimfundisha mtu mwingine kupiga solo yangu. Pole yao.

Jumatano, 15 Julai

Mazoezi ndani ya ghala la ngano. Bado ni tupu, na mwangwi wake hata studio za Dar hazina. Wamekuja wote sita na bangili zao, wakiongozwa na Benedikta, mke wa mtoto mkubwa wa Mzee. Wanaimba jamani! Nywele zilinisimama. Mstari wa ng'ombe mweusi, safi. Mstari wa ng'ombe wa madoa, safi kabisa. Tukafika kwenye jina. Kimya. Nikadhani hawajasikia, nikaanza upya. Kimya tena, na wote sita wanatazama viatu vyangu.

Benedikta akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mgeni. Mwanamke wa Kibarabaig, kabila lao, akishaolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo. Akiteleza ni aibu yake na ya nyumba nzima. Miaka saba niko hapa na hakuna aliyenieleza! Nikamwambia kwamba kwenye muziki jina si jina, ni sauti tu. Akasema basi sauti hiyo niitoe mwenyewe, au nibadilishe wimbo.

Nibadilishe? Mzee ameshaahidiwa! Na jalada limeshaandikwa kwa wino!

Nyumbani Fabiola naye akachukua upande wa Benedikta. Aliuliza kwa nini nisiliimbe hilo jina mimi, si nimesema niko peke yangu? Nikamweleza kwamba mpiga solo hajiitikii. Roki haiendi hivyo. Akanipakulia makande.

Katikati ya makande akili ikafunguka. Nitaligawa jina! Watatu wataimba "Gida", watatu wataimba "hosh". Hakuna hata mmoja atakayekuwa amelitamka. Heshima ipo, wimbo upo. Nashangaa watu wa huku hawakuliona hili zamani.

Alhamisi, 16 Julai

Siku ya kurekodi. Niliwahi kabla jenereta ya karakana haijawashwa. Nikawapanga kina mama, watatu kulia, watatu kushoto, nikawaeleza mpango wangu. Benedikta akasema nusu ya jina la mkwe bado ni la mkwe. Nikamwomba wajaribu mara moja tu, kwa ajili ya sanaa. Wa kulia hawakuona shida, maana nusu ya wanaume wa tambarare hii majina yao yanaanza na Gida. Wa kushoto wakaziba midomo kwa viganja.

Tukaanza. "Gida!" Kimya. "Gida!" Kimya. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikapata wazo la pili, zuri kuliko la kwanza: nikipandisha gitaa hadi mwisho, hakuna atakayesikia nani kasema nini, basi aibu itatoka wapi? Nikazungusha kitufe cha sauti cha spika mpaka kikakataa kuendelea. Bati la ghala likatetemeka. Kombaini za nje, mafundi wamesema, nazo zilitetemeka. Hiyo sasa ndiyo roki! Kina mama wakachangamka, wakaanza kuruka, na Helena, mdogo wao kuliko wote, aliyeolewa mwaka huu, wimbo ukamchukua akaachia kwa nguvu zake zote: "Hosh!"

Na jenereta ikazimika sekunde ileile.

Gitaa likafa. Ndani ya ghala ikabaki sauti ya Helena peke yake, na mwangwi ukaizungusha kona zote nne. Hosh. Hosh. Hosh. Wapakiaji waliokuwa mlangoni walisikia. Helena akajifunika uso akalia. Wenzake wakamzunguka wakaondoka naye bila kuniaga.

Nakiri roho iliniuma. Binti wa watu alilia kweli. Lakini umeme uliporudi nilisikiliza kaseti, na ile "hosh" ya kwanza imeingia vizuri ajabu, kabla tu umeme haujakatika. Ninayo moja. Moja inatosha kwa mtu mwenye akili.

Ijumaa, 17 Julai

Saa mbili asubuhi uwanja wa mpira ulikuwa umejaa wanawake. Si sita. Wa tambarare nzima, na fimbo zao mkononi. Meneja alichungulia, akarudi ofisini, akafunga mlango. Mimi nilijua wamekuja kuongeza nguvu kwenye kiitikio. Nikatoka na gitaa.

Kumbe ni kikao. Mwanamke akikosewa na mwanamume, wanawake wa Kibarabaig hukaa wao wenyewe wakaamua, na hakuna mwanamume anayetia mguu. Nilikalishwa chini, mbali, juani, na gitaa langu mapajani. Saa tatu nzima! Mwishoni Benedikta akaja kunisomea hukumu. Nimemwaibisha Helena kwa makusudi, kwa sababu niliambiwa nikasikia. Nitoe faini ya dume jeusi la ng'ombe leo, kabla jua halijazama. Na kaseti iharibiwe mbele yao, kwa kuwa jina la mkwe limo ndani yake katika kinywa cha Helena. Nikikataa wataniapiza.

Nilikimbia hadi kwa Mzee Gidahosh aniokoe. Akasema mambo ya wanawake yeye haingilii, na baba yake hakuingilia. Kisha akaniuliza kama ng'ombe wake wametoka vizuri kwenye kaseti.

Dume jeusi nitalitoa wapi? Nina mbuzi wawili, na wako Dongobesh! Hapo ndipo alipokuja Hermani. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Dume jeusi analo, limefungwa hapa hapa Basotu. Atalitoa, ila gitaa na spika viwe vyake. Moja kwa moja. Nilikuwa natafuta maneno makali ya kumkatalia, nikaona Fabiola ameshambebea spika. Alikuwa ametoka kumwona Helena. Aliniambia binti hajala tangu jana, kwa hiyo nisimletee habari za roki.

Kaseti Benedikta aliivuta mwenyewe, mkanda wote, pima baada ya pima, akautupa motoni. Sauti yangu yote! Nilisimama nyuma ya trekta nikalia, na siioni aibu kuandika. Dume lilipofika Benedikta akanisalimia kwa upole, akauliza hali ya watoto, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwao jambo limekwisha. Helena alikuwa amesimama wima katikati ya wenzake, hajajifunika tena.

Jumamosi, 18 Julai

Sherehe. Hermani na gitaa langu. Mimi wamenipa manyanga, nikakubali kwa sababu ya umati tu.

Sasa sikia wizi. Hermani amewaalika wale kina mama sita wauimbe wimbo wa ng'ombe. Wimbo wangu! Mweusi, wa madoa, hata ndama. Na pale kwenye jina wao wakanyamaza, Hermani akaweka gitaa. Wanaimba, wananyamaza, gitaa linaitikia. Kitu chepesi kabisa, mtu yeyote angekifikiria. Watu wakapiga kelele. Mzee Gidahosh akaingia uwanjani na fimbo yake akaruka juu kama kijana. Helena anaimba mdomo wazi.

Bwana wa redio alirekodi wimbo wote. Akasema utatoka hewani mwezi ujao, na akatoa kalamu aandike majina ya wanabendi. Hermani akaninyooshea kidole, akamwambia wimbo umetungwa na Severine Sulle. Ndivyo alivyosema, siwezi kumnyima hilo. Bwana akaandika jina langu juu kabisa ya orodha.

Nikamwambia alifute. Nikamweleza kwa heshima kwamba mimi ni msanii wa kujitegemea, jina langu halichanganywi na ya kundi. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nina hakika! Akafuta. Fabiola alikuwa karibu, amesikia yote. Amezima taa akalala.

Jumapili, 19 Julai

Misani sikumsikia padri, nilikuwa nafikiri. Kosa nimeliona. Niliingia na jina fupi! Gidahosh nililikata vipande viwili tu, na kila kipande kinabaki kikubwa mno mdomoni mwa mkamwana. Leo nimepata habari za Mzee Gidabuday, anakaa upande wa pili wa ziwa. Jina hilo linakatika vipande vinne, na wakamwana anao wanane. Wawili wawili kwa kila kipande!

Gitaa nitaazima kwa Hermani. Jalada ni lilelile. Kesho nikitoka kazini naenda kumwamkia Mzee, na mpango wa vipande sitamwambia, nataka ashtuke kwa furaha.