Askari wa Malkia na Kioo cha Kinyozi

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimeropoka. Shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye tunanyoa naye chumba kimoja, kaleta sataranji kazini. Nikawaambia wateja kwamba nilishamfunga nahodha wa meli huku namnyoa ndevu! Shemeji akasema vizuri, tucheze Jumamosi, atakayeshinda achukue kiti cha mbele ya kioo kikubwa. Kiti changu! Wateja wote hukikimbilia hicho. Cha nyuma kiko ubavuni mwa tanki la maji, hakina kioo kabisa. Nikacheka, nikakubali. Sataranji yenyewe siijui!

Jumatano, 6 Machi
Sijalala. Mteja mmoja, mwalimu, kanipa siri: anza na askari wa malkia, kete ndogo ya mbele yake, msukume nyumba mbili za ubao. Nikamuuliza, baada ya hapo? Akasema inategemea. Inategemea nini? Keshavaa kofia, katoka. Basi nimeishika hiyo moja. Inatosha! Nimeifanyia mazoezi mezani hadi mama watoto akauliza kama nahamia jeshini.

Ijumaa, 8 Machi
Nanyoa huku nawaza askari tu. Nimemfyeka fundi cherehani nyusi moja. Nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa. Akajitazama kiooni weee, akasema basi na ya pili ifanane.

Jumamosi, 9 Machi
Balaa! Kura imempa shemeji kete nyeupe, na mweupe ndiye huanza. Akasukuma askari wa malkia nyumba mbili. Siri yangu! Kumbe mwalimu hunyolewa nasi wote wawili. Jasho. Nikainua macho, nikajiona kiooni. Hapo hapo nikapata dawa: nimwige kila kitu, kama kioo! Akitoa farasi, natoa farasi. Fundi cherehani, hana nyusi, akanong'ona kwamba kinyozi wake leo ni moto. Nikavimba. Mara malkia wake akamkaba mfalme wangu koo. Nikanyoosha mkono nimpeleke na malkia wangu vilevile. Shemeji akanishika kiganja polepole, akasema pole shemeji, mchezo umekwisha, mfalme wako hana pa kwenda. Nikamwambia asinikatishe, zamu ni yangu!

Jumapili, 10 Machi
Niko ubavuni mwa tanki. Linanidondokea shingoni. Mteja, kwa kukosa kioo, kauliza ametokaje; nikamjibu ametoka kama nahodha. Nimemwomba shemeji turudiane, kakubali upesi mno. Hajui kwamba kosa nimeshaligundua: nilikuwa nachelewa kumwiga. Safari hii nitamwiga kabla hajacheza.