Simu ya Shangazi Imekataa Cheti Changu

Kwa Mkuu wa Usalama wa Mitandao,
Ghorofa ya Nne.

Ndugu Mkuu,

KUH: KUDHALILISHWA NA SIMU

Natumaini barua hii inakukuta umeshakunywa chai, maana inahitaji mtu aliyetulia. Mimi ni mjaribu programu wa ghorofa ya pili, meza ya dirishani. Programu yetu ya kuomba miadi ya hospitali inamgomea shangazi yangu. Mara tisa ameomba nafasi ya kupasuliwa mtoto wa jicho, na mara tisa ameambiwa ajaribu tena baadaye. Orodha inafungwa Ijumaa. Shangazi huyu ndiye aliyenilea, na siku hizi nikisimama mlangoni ananitambua kwa sauti tu.

Nikaichukua simu yake nije nayo kazini. Nikaiweka kompyuta yangu katikati kama proksi, ili kila kinachotoka kwenye simu kwenda hospitali kipite kwangu kwanza nikisome. Kwa kuwa mazungumzo hayo hufungwa kwa siri, ilibidi simu iniamini, nikaitengenezea cheti cha usalama, yaani kitambulisho cha kidijitali, kwa mikono yangu mwenyewe. Yaliyonipata ni haya:

1. Simu ilikikataa cheti. Ilileta onyo refu la maandishi mekundu. Nilisoma mstari wa kwanza, ukanitosha. Ulisema mimi si wa kuaminiwa. Ndugu Mkuu, nina mke, nina watoto wawili, na funguo za stoo ya ofisi ninazo mimi.

2. Nilipiga moyo konde nikakipandikiza upya mara tatu kwenye mipangilio. Nilizima simu, nikaiwasha. Nikatengeneza cheti kingine kizuri zaidi, chenye jina langu kamili na cheo. Hicho kilikataliwa haraka kuliko cha kwanza, tena mbele ya watu wa masjala waliokuja kuazima stepla. Stepla waliisahau, wakarudi kuifuata wakiwa wengi zaidi.

3. Nilifungua orodha ya vyeti ambavyo simu hiyo inaviamini. Vipo zaidi ya mia, vya makampuni ya mbali ambayo shangazi hajapata hata kuyasikia. Na vile vya juu kabisa vimejisainia vyenyewe! Mimi nami nilijisainia mwenyewe. Kwa nini kwao iwe heshima na kwangu utapeli?

4. Nilipoitoa proksi kwa hasira, programu iligoma vilevile. Simu imeshaniwekea kinyongo.

Kwa hiyo naomba, kwanza, simu iitwe mbele ya kamati ya nidhamu ijieleze. Pili, unisainie cheti cha uaminifu, nawe usainiwe na Mkurugenzi, naye Mkurugenzi asainiwe na mkewe, maana juu ya hapo sijui kuna nani. Tatu, kuanzia leo kila kifaa kimwamini kila mfanyakazi bila kuuliza maswali, na kitakachobisha kiachishwe kazi. Najua utasema wezi nao watapita hapohapo. Wapite. Wao angalau hawajamzuia shangazi kuomba miadi.

Naandika kwa ukali kwa sababu naona aibu. Kila jioni ananiuliza kama imekubali, namjibu bado, naye ananiambia nisijali. Hilo la kuambiwa nisijali ndilo linaloniumiza zaidi.

Wasalimie wote wa ghorofa ya nne, pamoja na fundi wa lifti, ambaye naye hupanda kwa ngazi.

Wako, wa kuaminiwa,
Mjaribu Programu

Nyongeza: Tafadhali barua hii isifike kwenye kamati. Nimemrudishia shangazi simu yake mchana huu. Akaisogeza hadi puani, kama anavyosoma kila kitu siku hizi, akauliza kwa nini imeandika mwaka juzi. Ndipo nilipokumbuka: mwezi uliopita niliirudisha tarehe ya simu hiyo nyuma mimi mwenyewe, nikijaribu kengele ya kukumbusha miadi, nikaiacha hivyo. Kwa hesabu ya simu hiyo cheti changu kilikuwa hakijaanza kutumika, na cha hospitali pia, ndiyo maana ilivikataa vyote. Tumeirekebisha tarehe na ombi limepita mara ya kwanza; atapasuliwa Jumatano asubuhi. Badala ya cheti cha uaminifu, naomba sasa kile cha kuwathibitishia madaktari kwamba kati yetu wawili mgonjwa wa macho ni yeye.