Kovu la Guka Munyi

Redio ya simu ya Muchangi ndiyo iliyochokoza nyuki. Barabara mpya ya kwenda soko la Runyenjes, ikasema, itapewa jina la mtu wa hapa aliyebeba mizigo wakati wa vita vya Mjerumani. Wazee wapeleke jina kesho.

Munyi akaweka kikombe chini taratibu. Kwenye benchi la Felicitas, muuza chai, wote humwita Jenerali kwa ajili ya hadithi za vita za guka, babu yake, na leo aliona hadithi zimezaa matunda.

"Andika Munyi," akamwambia Muchangi. "Nimepewa jina lake, kwa hivyo mimi ndiye yeye."

"Ushahidi?" akauliza Muchangi, ambaye huitwa Wakili kwa ubishi tu, mahakamani hajafika.

"Kovu la paji la uso. Risasi ilimpiga, ikaona ni kichwa cha mtu wa Embu, ikarudi ilikotoka."

"Wacha wewe. Kovu la duara?"

"La kwenda hivi." Munyi akapitisha kidole kutoka sikio hadi sikio. "Kama mtaro."

Felicitas, aliyekuwa akisukuma kuni chini ya sufuria, akacheka mpaka akakaa.

"Hebu shika paji langu, Jenerali."

Shingo upande, Munyi akaligusa. Mtaro ule ule, wa kamba ya kubebea kuni ambayo wanawake wa huku hupitisha kichwani tangu usichana.

"Guka yako hakuenda vita yoyote," Felicitas akasema. "Askari wa Waingereza wakikuja kushika vijana wa kubeba mizigo, cucu, nyanya yangu Ruguru, jirani yake, alimvalisha nguo zake, akamtwika kuni, akamweka katikati ya wanawake. Akabeba hivyo mpaka vita ikaisha. Kwetu tunaichekanga kila Krismasi."

Aibu ikamchoma Munyi, masikio yakawaka. Lakini mbishi ni mbishi.

"Redio imesema aliyebeba mizigo wakati wa vita. Si alibeba?"

"Alibeba. Na nitakuja kesho kuwa shahidi, nionyeshe wazee vile alikuwa anafunga leso."

"Afadhali hakuenda," Muchangi akasema, sasa hacheki. "Wa kwetu walienda wawili, hatujui hata walizikwa wapi. Angeenda, hapo umekaa pangekuwa tupu."

Munyi akaitazama chai yake. Hilo hakuwahi kuliwaza.

"Wakili, andika Ruguru."

"Na wakiuliza huyo mama alifanya nini vitani?"

"Waambie aliwaibia Waingereza mwanaume mzima, mchana kweupe."