Fundo la Nyuzi Nne na Chupa ya Chumvi

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa maabara katuita ofisini, sisi wawili. Nafasi ya kudumu ni moja. Mikataba yetu inaisha mwisho wa mwezi. Ijumaa kila mmoja ataeleza kazi yake mbele ya wenzake, na atakayeshawishi ndiye atakayebaki. Mwingine kwaheri!

Mpinzani wangu ni Bi Mara Tatu. Jina nimempa mimi, maana kila kipimo anakirudia mara tatu, hata cha ubaridi wa friji. Mpole, ananiita kaka. Simpendi.

Nikikosa nafasi, tunahama nyumba ya kazi na kwenda kuishi chumba cha nyuma kwa mama mkwe. Mama mkwe anayehesabu vijiko baada ya wageni kuondoka! Kwa hiyo mchana nimempigia simu nikamwambia nafasi nimeshaipata. Kapiga vigelegele mpaka nikaondoa simu sikioni. Sasa sina budi kuipata kweli.

Jumanne, 4 Machi

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu mashuhuri: DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, hilo kila mtu analijua. Ila kuna sehemu ambapo uzi mmoja hujikunja wenyewe ukawa fundo la nyuzi nne. Kimeng'enya hupita juu ya jeni kikiisoma na kutoa nakala za RNA. Kikikuta fundo njiani, huenda kikakwama, na jeni ikanyamaza. Kwingine, wanasema, fundo hilohilo husaidia jeni isomwe. La kwetu, nasema mimi, linazuia.

Leo nimefanya jaribio. Nakala hakuna hata moja! Nikaita watu waje kuona. Bi Mara Tatu akatazama, akauliza taratibu nimejuaje kama kimeng'enya changu hakikuwa kimekufa tu. Akasema panatakiwa jaribio la pili, fundo likiwa limefunguliwa, ili tuone nakala zikitoka. Mkuu akaafiki. Mzee wa Chupa, fundi wetu wa maabara, akacheka kwa sauti. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Hili halipiti hivihivi.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa yake!

Fundo letu halijishikilii lenyewe. Katikati linashikwa na potasiamu, kama kifungo cha shati. Ukiweka lithiamu badala yake, linalegea. Na chumvi hizo mbili zikishayeyushwa, kwa macho ni maji tu.

Saa saba Bi Mara Tatu kaenda kula. Chupa yake ya potasiamu iko rafu ya tatu. Nimeimwaga kwenye sinki, nikaijaza lithiamu mpaka shingoni, nikairudisha lebo ikiangalia mbele. Dakika nne tu! Roho nyeupe. Sijaharibu kitu cha mtu, nimebadilisha chumvi tu. Kesho naye anapima fundo hilohilo; nakala zitamtoka ovyo na hatajua aseme nini mbele ya watu.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi: ushindi. Nakala kila mahali kwenye jeli ya Bi Mara Tatu, ile tunayosomea majibu. Nikampa pole, nikajitolea kumweleza Mkuu kwa niaba yake. Hakulia. Inaudhi. Akachukua waya, akauchovya kwenye chupa, akaupitisha kwenye moto. Potasiamu ingetoa zambarau iliyofifia. Mwali ukawa mwekundu, rangi ya lithiamu! Akakaa akiutazama. Kisha akaleta potasiamu mpya na lithiamu, akaanza upya na zote mbili, mara tatu tatu, bila kumlaumu mtu.

Mchana: balaa. Nimerudia jaribio langu, la kujipamba tu, na nakala zimejaa tele. Jeni iko wazi! Nimepeleleza. Kumbe kila Jumatano alasiri Mzee wa Chupa hupita kwenye rafu na kujazia chupa zilizopungua kutoka chupa jirani yenye lebo ileile. Yangu ilikuwa imebaki tone. Kaijazia kutoka chupa ya Bi Mara Tatu. Kasema anafanya hivyo mwaka wa kumi na mbili huu na hajawahi kulalamikiwa. Sikulalamika. Ningeanzia wapi?

Saa kumi: nimebadili nadharia. Fundo letu halizuii jeni, linaifungulia! Jaribio la Jumanne nimelifuta. Kimeng'enya kilikuwa kimekufa. Nani alisema? Bi Mara Tatu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimezungumza dakika arobaini. Nilipendeza.

Kisha akasimama yeye, na picha mbili. Kwenye potasiamu, kimya. Kwenye lithiamu, nakala tele. DNA ileile, kimeng'enya kilekile, chumvi tu ndiyo tofauti. Basi kimeng'enya kiko hai, na kinachokizuia ni fundo. Akaongeza, bila uchungu wowote, kwamba ulinganisho huo alikuwa ameupangia wiki ijayo, ila kuna mtu alimtilia lithiamu kwenye chupa.

Mkuu akauliza ni nani. Kisha akasema mtu huyo ndiye aliyefanya jaribio zuri kuliko yote wiki hii, ingawa hakujua anafanya nini.

Mimi nilisikia nusu ya kwanza. Nikasimama. Nikasema ni mimi! Nikaeleza saa, rafu, kiasi, hata nilivyogeuza lebo. Nilikuwa nafika kwenye zile dakika nne nilipoona Mzee wa Chupa kajifunika uso kwa koti lake. Mkuu akauliza, kwa sauti ndogo, kama nilipotangaza kwamba fundo linafungua jeni nilikuwa najua chupa yangu ina lithiamu. Nikakaa.

Nafasi kapewa Bi Mara Tatu. Mimi naosha vyombo mpaka mwisho wa mwezi, chini ya Mzee wa Chupa. Na Jumatatu nimwandikie Bi Mara Tatu barua ya kuomba radhi, la sivyo niondoke siku hiyohiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kaja kunipongeza, na shemeji zangu wawili nyuma yake. Kauliza nimepewa ofisi gani. Kabla sijafungua mdomo, mke wangu kajibu kwamba nimepewa sinki. Mama mkwe kasema chumba cha nyuma kinavuja na rangi nitapaka mwenyewe. Nimeumia.

Jumatatu, 10 Machi

Barua nimeiandika kwenye chumba cha kuoshea vyombo. Inaanza vizuri sana: Dada, naomba radhi kutoka moyoni. Nilikosea mno kutumia lithiamu.

Nikaona si haki kuishia hapo. Nimemweleza kwamba mwali mwekundu hata mwanafunzi wa sekondari angeushtukia. Ilipasa nitumie sodiamu. Sodiamu hulishika fundo nusunusu, majibu hayaeleweki, na mwali wake wa njano hutokea kwenye kila kitu, hata jasho la kidole. Asingegundua mpaka leo! Kurasa tatu, pamoja na vipimo.

Nimemsomea Mzee wa Chupa. Kaacha kuosha, kaniuliza kama kweli nina nia ya kuipeleka barua hiyo.

Nimeshaipeleka, nakala moja kwa Mkuu. Mtu mwenye mawazo kama haya hawawezi kumwachia aondoke.