Ukuta Usiofika Juu

Jamani, leo sina uso. Niliokuwa nao nimeuacha zahanati, pale kwenye benchi la wagonjwa, kama kuna mtu anapita huko aniletee.

Nina jipu. Liko wapi? Hapo ndipo kisa kilipo. Liko pale mtu anapokalia, upande wa kulia. (Ukicheka sasa hivi utachoka mapema, tunza pumzi.)

Mama nilimwambia ni mguu. Siyo uongo sana, ni mguu ila kwa juu. Akasema tutaenda wote. Nikasema, "Mama, nimeshafikisha miaka kumi na minane. Mtu mzima anaenda kwa daktari peke yake. Ni haki yangu." Mama akaniangalia vile anavyoangalia nyanya zilizoharibika sokoni, akanipa kadi ya bima, akaendelea na kazi zake.

Basi nikateremka hadi zahanati, hapa hapa Elerai, natembea kama bata. Baridi kali, mlima hauonekani kwa mawingu, na benchi limejaa. Moyoni nikashangilia! Benchi likijaa, kijana anasimama, na hakuna anayemuuliza mbona hukai.

Nimesimama pale, nafasi ikapatikana. Kabla sijaulizwa, akaingia mzee na fimbo yake. "Shikamoo mzee, karibu ukae." Nafasi nyingine ikapatikana, akaja mama mwenye mtoto mgongoni. "Shikamoo mama, kaa hapa." Benchi zima likaanza kunisifu.

"Huyu amelelewa," mzee akasema.

"Ni wa jumuiya yetu huyu," sauti ikadakia kutoka kona ya benchi. "Elibariki, mtoto wa Mama Eli!"

Nikageuka. Koko! Koko ni bibi mmoja jirani yetu, kila mtu anamwita hivyo, na hajawahi kupata habari akaila peke yake. Kajifunga shuka mpaka masikioni. Na pembeni yake, machalii wangu, kakaa Upendo.

Upendo ni mjukuu wake, wa kule Akheri, kaja likizo. Tangu aje nimekuwa naenda dukani kununua chumvi kila siku kwa sababu njia inapita mlangoni kwao. Nyumbani tuna chumvi ya kuuza.

"Unaona, Upendo?" Koko akasema. "Siyo hawa wenzenu, mzee amesimama wao wanachezea simu. Njoo mjukuu wangu, umesimama mno. Njoo ukae hapa katikati."

Katikati! Kati ya Koko na Upendo! Nafasi niliyoiombea mpaka kanisani, na leo ndiyo siku niliyo na jipu.

"Hapana Koko, niko sawa."

"Kaa!"

Nikakaa. Yaani nusu yangu ilikaa, nusu ikabaki hewani. Nikaegemea upande wa kushoto kama mti uliopigwa na upepo, na kwa bahati mbaya (nzuri?) kushoto ndiko aliko Upendo.

"Pole," Upendo akasema, akisogea kidogo. "Unaumwa nini?"

Mnajua kwetu. Ukikutana na mtu zahanati humsalimii tu ukanyamaza, lazima umuulize anaumwa nini, ndiyo ustaarabu. Nikasema, "Kichwa."

"Malaria hiyo," Koko akatoa hukumu. Akanishika paji la uso. "Mbona umetoka jasho na baridi yote hii?"

Nikamkimbia kwa kisingizio cha kwenda kusoma bango ukutani. Bango limeandikwa HAKI ZA MGONJWA. Nikasoma lote. Kumbe mgonjwa ana haki ya faragha! Ana haki siri yake itunzwe! Ana haki ya kuelezwa ugonjwa wake mpaka aelewe! Mimi ndiye mwenyekiti wa mdahalo shuleni, nikaona hii mada imeletwa kwa ajili yangu.

Nesi wa mapokezi akaniita dirishani. "Unasumbuliwa na nini?"

Nikajisafisha koo. "Dada nesi, kwa heshima zote, nina haki ya faragha. Nitamweleza daktari peke yake."

Nesi akatabasamu. "Kweli kabisa, mdogo wangu. Nenda ule mlango wa pili."

"Amesoma huyo!" mzee wa fimbo akasema. Upendo alikuwa ananiangalia! Nikaingia kwa daktari kifua mbele. (Kifua tu, kwingine kulikuwa hakutaki.)

Daktari ni mtu mpole. Akafunga mlango, akavuta pazia, akaomba ruhusa kabla ya kuangalia. Ila alikuwa ananong'ona. Kila neno ananong'ona. Nikadhani ana mafua, nikamwonea huruma, daktari mzima anaumwa na bado yuko kazini.

"Ni jipu," akanong'ona. "Bado halijaiva."

"DAKTARI, NIELEZE NIELEWE," nikasema kwa sauti ya mdahalo. "NI HAKI YANGU."

Akanyoosha kidole juu, taratibu, huku kakunja uso. Nikajua ananiambia Mungu ndiye mponyaji. Nikasema, "AMINA!"

Akashika kichwa. Akanong'ona maelekezo yote, kisha akaniuliza kama nimeelewa. Hapo ningesema ndiyo nikaondoka, leo ningekuwa mtu kamili. Lakini mwenyekiti hajibu ndiyo tupu. Mwenyekiti anarudia hoja.

"NIMEELEWA, DAKTARI. JIPU LIKO TAKO LA KULIA. NIKANDE KWA MAJI YA UVUGUVUGU. NISILIKAMUE. NISILIKALIE. NIMEZE DAWA MPAKA ZIISHE. NA HII NI SIRI YETU! MAMA ASIJUE, NA YULE UPENDO ALIYEKAA HAPO NJE, HUYO NDIYE KABISA ASIHISI, MAANA BADO SIJAMWAMBIA KWAMBA NAMPENDA!"

Daktari akafumba macho.

Ndipo ikasikika sauti ya Koko. Haikutokea mlangoni. Ilitokea juu.

"Usihofu, mjukuu wangu! Upendo hatamwambia mtu!"

Nikaangalia kule kidole cha daktari kilikokuwa kinaelekea. Ukuta ni wa mbao, na unaishia nusu! Juu ni wazi, mpaka kule kwenye benchi!

"Ndiyo maana nilikuwa nanong'ona," daktari akanong'ona.

Nilitoka kwa mlango kwa sababu tu dirisha lilikuwa na nondo. Mzee wa fimbo aliponiona akainuka kwa haraka. "Kaa mwanangu, uka... aa. Basi, simama tu." Mama mwenye mtoto alikuwa anafuta machozi kwa kitenge. Hata nesi, mtunza siri wangu, kichwa chake kilikuwa kimezama chini ya dirisha na mabega yanatikisika.

Upendo akanikazia macho, hajacheka hata kidogo. "Pole, mwenyekiti," akasema. "Na kichwa kinaendeleaje?"

Kisha akacheka mpaka akamshika Koko asianguke.

Nimefika nyumbani nikamkuta mama mlangoni na beseni la maji ya uvuguvugu. Nami sikuwa nimemwambia kitu. Kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, Koko kaacha ujumbe wa sauti: "Wapendwa, tumkumbuke Elibariki katika maombi. Ni upande wa kulia." Watu kumi na kitu wamejibu Amina. Mchungaji kaweka na mikono ya kuomba.

Sasa naandika haya nimelala kifudifudi. Simu imelia hivi punde, namba ngeni. Ujumbe wenyewe ni neno moja: "Umeshakaa?" Chini yake: "Upendo."

Zahanati haikutoa siri yangu, nawatetea mbele ya yeyote. Na nyie mkitaka kucheka, chekeni kwa kunong'ona. Mama yuko jikoni, na ukuta wa kwetu nao haufiki juu.