Muhuri wa Ng'ombe wa Makina

Inatangazwa kwa watu wote wa Kibra, wenye ng'ombe na wasio nao, kwamba mwaka huu wa 1938 Ushirikiano wa Serikali na Watu Binafsi umezaliwa hapa Makina. Mimi Gerishon, karani, ndiye niliyeuandika, tena kwa hati safi sana.

Sitti Mabrouka, mama wa Kinubi muuza maziwa, alileta josho alilochimba na wanawe, maji, dawa na ng'ombe. Serikali ilileta muhuri. Mchango sawa kabisa.

Muhuri ulikuwa wa wino, ubavuni, kuonyesha kwamba ng'ombe ameogeshwa kupe wakafa. Niliupiga kabla hajaingia joshoni, maana ng'ombe aliyelowa angenichafulia suti. Akitoka, wino umekwenda na maji. Na asiye na muhuri, maziwa yake yanamwagwa.

"Karani, si umempiga muhuri mwenyewe asubuhi, kwa mkono wako!" Mabrouka alilia siku ya tatu ya kumwagiwa. "Wanangu watakula nini, wino?"

Tukaunda Kamati ya Usuluhishi: Bwana Mkubwa, mzungu mkuu wa ofisi yetu, na mimi. Mabrouka tulimwekea kiti, ila hatukumwalika. Baada ya chai ya pili tukagundua chanzo cha mgogoro: maji. Tukaamuru ng'ombe wasiogeshwe tena, wapigwe muhuri tu.

"Ng'ombe wangu afe ili wino upone? Thubutu!" akasema Mabrouka, akaendelea kuogesha, nasi tukaendelea kumwaga.

Bwana alitii kamati yake. Ng'ombe wake akafa kwa kupe, muhuri ungali unang'aa, siku ileile mgeni mkubwa alipokuja kunywa chai. Bwana akashuka mwenyewe kwa Mabrouka na birika.

"Mama, maziwa kidogo."

"Hayana muhuri, Bwana."

"Wachana na muhuri! Jaza!"

Mama akajaza, kisha akabeba debe lake la maziwa akamfuata. Langoni pa ofisi alisimama askari Naftaly, mtu wa kutii hata usingizini.

"Ya ng'ombe wa nani, Bwana?"

"Wa Mabrouka, mjinga wewe!"

Naftaly akapiga saluti, akanyakua birika, akamwaga yote. Mengi yaliangukia viatu vya Bwana, mgeni akitazama.

"Muhuri umefutwa!" Bwana akafoka. "Kuanzia sasa!"

"Nimesikia," akasema Mabrouka. "Na mgeni amesikia."

Akaingia, akamjazia mgeni kikombe. Bwana akanyoosha chake.

"Wewe kaoshe viatu kwanza," mama akamwambia, na mgeni akacheka mpaka akapaliwa.