Saa Sita Nyuma

Jumatatu, 16 Machi
Mwalimu Mkuu ametangaza: asiye na alama nyekundu ya kuchelewa kwenye kompyuta ya getini mpaka Ijumaa atavishwa beji ya kiranja. Beji hiyo nimemwahidi Bibi. Leo nimegusisha kadi saa moja na robo. Nyekundu! Mpinzani wangu, Kijiti, akaninong'oneza: Usijali, dada yangu, beji itanikaa mimi vizuri zaidi.

Jumanne, 17 Machi
Mwanya! Fundi wa kompyuta ameniomba nifute vumbi kwenye skrini. Kumbe mna orodha ya kanda za saa za dunia nzima. Nikachagua ukanda ulio nyuma yetu kwa saa sita. Papo hapo saa moja na robo yangu ya jana ikasomeka 1:15, kama tunavyoitamka. Mashine imejifunza Kiswahili! Na kwa kuwa nyekundu huanza 7:00, alama yangu ikafutika. Nalala nikitabasamu.

Jumatano, 18 Machi
Balaa. Mwalimu Mkuu amechapa orodha ya walioingia. Kwa kompyuta 1:15 ni usiku wa manane. Karatasi inasema shule nzima huingia getini gizani, mmoja mmoja, tukifuatana. Mlinzi akaulizwa alikuwa wapi. Akasema watu hajawaona, ila nyayo huzisikia. Ataachishwa kazi! Nilitaka kusema. Nikaikumbuka beji.

Alhamisi, 19 Machi
Fundi amenigundua. Sikio alilonivuta bado linawaka. Ameeleza kwamba hifadhidata ya kompyuta haitunzi saa tunayoiona. Hutunza muda mmoja wa dunia nzima, na ukanda ni nguo tu ya kuuvalisha unaposomwa. Badili nguo, mwili ni ule ule. Akarudisha ukanda wetu. Wote wakarudi asubuhi. Mlinzi amepona. Fundi amenifichia siri, na Mwalimu Mkuu amefuta alama zote: siku itakayohesabiwa ni kesho tu.

Ila mstari mmoja, uliokuwa jioni, ukaingia usiku. Fundi akaacha kutafuna kalamu. Huo, akasema, ni usiku kweli. Juzi kuamkia jana. Kadi yangu.

Usiku huo kadi ilikuwa msumarini juu ya kitanda changu. Bibi anasema nililala fofofo, alinifunika mwenyewe.

Nimefikiri sana. Kama yupo anayewahi kwa kadi yangu, mbona nihangaike? Nimebandika karatasi getini: Mpendwa, kesho tafadhali gusisha kabla ya saa moja. Asante.

Ijumaa, 20 Machi
Nimelala mpaka jua likanichoma miguu. Nimefika saa mbili, nikapenya kwa nyuma. Kwenye skrini: jina langu, 6:40, bila nyekundu! Kijiti naye amewahi, lakini amekataa beji. Amesema aliniona nikiingia, akanisalimu, nikampita bila kugeuza shingo, na hataki kusimama na mimi getini kama kiranja mwenzangu. Nikamwambia nilikuwa na haraka.

Beji ninayo! Bibi ameigusa mara tatu.

Karatasi yangu nimeikuta ndani ya dawati. Chini, mwandiko kama wangu, ila umelalia upande mwingine: Nimekufanyia zamu yako. Leo usiku nifanyie yangu.

Ana adabu huyu. Na zamu moja ni kitu gani kwa kiranja? Viatu nimevipiga rangi, tochi ya Bibi nimeazima. Tukielewana vizuri, mpango huu utafaa hata kwa mtihani wa hesabu.